Njia ya Tumbo Ikifungwa

Ndugu msomaji, tumwazie baba mmoja wa Katuba, hapa mjini Lubumbashi. Hatumtaji jina, kwa maana si mtu mmoja. Ni mfano wa wengi wanaofika hospitalini wakiwa wamechelewa. Baba huyu ana miaka 54. Kwa muda wa miezi mitano ameona damu kidogo katika choo chake. Alisema moyoni, "Ni bawasiri tu." Baadaye choo kikawa chembamba, siku moja kigumu, siku nyingine cha kuharisha. Akanunua dawa ya amiba sokoni. Suruali ikaanza kumlegea kiunoni, naye akasema, "Ni kazi nyingi."

Ikaja Jumatatu, hakupata choo. Jumanne vivyo hivyo, tena hata upepo haukutoka. Tumbo likavimba, likawa kama ngoma. Maumivu yalikuja kama mawimbi: yalimkamata, yakamwacha, yakamkamata tena. Jumatano akaanza kutapika. Jirani mmoja akaleta dawa kali ya kuendesha. Mwingine akaleta bomba na maji ya mizizi, ili amsukumie dawa kwa njia ya nyuma. Wazee wa kanisa nao wakafika kumwombea. Mmoja wao, ambaye ndugu yake alikufa kwa ugonjwa wa namna hii, akamtazama mgonjwa, kisha akamwambia mke wake: "Mama, tafuta gari. Tutaomba njiani."

Neno la mzee huyo ndilo somo letu. Tumbo lililofungwa halingoji. Tena siku hizi kuna njia zaidi ya moja ya kulifungua, na mojawapo ni mrija mdogo wa waya uitwao stenti. Yafaa tuijue kazi yake, na tujue pia mwisho wa uwezo wake, ili mtu asiidharau wala asiitumainie kupita kiasi.

Njia iliyo ndani ya mwili

Bukari na sombe na samaki tunavyokula hushuka kooni mpaka tumboni, kisha hupita katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa meta 6 hivi. Huko mwili huchukua nguvu ya chakula. Mabaki huingia katika utumbo mpana, wenye urefu wa karibu meta 1 na nusu. Utumbo mpana hunyonya maji na kuyafanya mabaki kuwa choo. Haulali. Hujikaza na kulegea mchana na usiku, ukisukuma mzigo wake mbele.

Kila mkaaji wa Lubumbashi ameona mfereji wa barabarani wakati wa mvua kubwa. Takataka zikiziba mahali pamoja, maji hayaachi kuja. Hupanda, hufurika, huingia nyumbani mwa watu. Utumbo ni vivyo hivyo, lakini kuna tofauti moja: mfereji una mahali pa kufurikia, utumbo hauna. Pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana pana mlango mdogo. Kwa watu wengi mlango huo huruhusu vitu kwenda mbele, wala hauviruhusu kurudi. Basi njia ikizibwa mbele, utumbo mpana hujaa hewa na maji, hutanuka, na ukuta wake huwa mwembamba. Damu haipiti tena vema katika ukuta huo, na mwisho unaweza kupasuka. Uchafu ukimwagika ndani ya tumbo, mgonjwa yuko karibu na mauti.

Ni nini huziba njia?

Sababu ni nyingi. Katika nchi zetu za Afrika, mara nyingi ni ngiri iliyonaswa, au utumbo uliojisokota wenyewe, au makovu ya upasuaji wa zamani. Kwa watoto huweza kuwa minyoo iliyojikusanya, au utumbo ulioingia ndani ya utumbo. Kwa hiyo mtu asiseme, "Tumbo limefunga, basi ni kansa." Hilo ni neno la daktari, baada ya kupima.

Hata hivyo kansa ya utumbo mpana, ambayo watu wa pwani huiita saratani, ni sababu kubwa mojawapo. Mara nyingi huanza kama kinundu kidogo kwenye utando wa ndani wa utumbo. Kinundu hakiumi. Huchukua miaka mingi, pengine 10 au zaidi, kabla hakijawa kansa. Kisha uvimbe hukua, huzunguka ukuta wa utumbo, na kuibana njia kama kamba inayokazwa polepole. Upande wa kushoto ndio huzibwa zaidi, kwa sababu huko njia ni nyembamba na choo kimekwisha kuwa kigumu.

Ugonjwa huu si mdogo duniani. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lililo Lyon, Ufaransa, lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu zaidi ya milioni 1.9 walionekana kuwa na kansa ya utumbo mpana, na watu wapatao 900,000 walikufa nayo.

Wazee wetu walikuwa nayo kwa uchache. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 mpaka 1966. Alikusanya habari kutoka hospitali nyingi za misheni katika Afrika, akaona kwamba kansa hii ilikuwa haba sana vijijini. Akafundisha kwamba chakula chenye makapi na nyuzi nyingi, yaani nafaka isiyokobolewa, maharage na mboga, ni ulinzi kwa utumbo. Tangu siku zake watu wamehamia mijini na chakula kimebadilika, na katika miji ya Afrika Mashariki ugonjwa huu umeongezeka. Tena si ugonjwa wa wazee peke yao. Katika nchi zetu wagonjwa wasio wachache wana umri wa chini ya miaka 50.

Mambo ambayo hayafai kufanywa nyumbani

Turudi kwa baba yetu wa Katuba. Majirani walikuja kwa upendo, lakini dawa walizoleta zingeweza kumwua.

Dawa kali ya kuendesha hulazimisha utumbo kusukuma kwa nguvu. Kama njia imezibwa, nguvu hiyo haina pa kwenda isipokuwa kuupasua ukuta. Bomba la maji ya mizizi nalo huongeza mzigo ndani ya utumbo uliokwisha kujaa, na dawa chungu huweza kuuchoma. Chakula na uji na maji mengi mdomoni huleta kutapika zaidi, na matapishi yakiingia katika mapafu huleta hatari nyingine.

Mtu ambaye tumbo limevimba, hapati choo wala kutoa upepo, tena maumivu yanakuja na kurudi, asipewe kitu cha kula wala cha kuendesha. Apelekwe hospitali yenye daktari wa kupasua, siku ileile. Kama homa imeshika na tumbo limekuwa gumu kama ubao, msingoje hata saa moja.

Huko hospitalini watamtia maji kwa mshipa wa damu. Watapitisha mrija mwembamba puani mpaka tumboni, ili kutoa maji na hewa. Watapiga picha ya tumbo, na mahali penye skana watatumia skana, ili waone njia imezibwa wapi na kama utumbo umekwisha kutoboka.

Stenti ni kitu gani?

Jina hili limetoka kwa Charles Stent, mganga wa meno wa Uingereza katika karne ya 19, aliyetengeneza kitu laini cha kuchukulia umbo la meno. Baadaye madaktari walilitumia jina lake kwa vifaa vinavyoshikilia sehemu ya mwili isijifunge.

Stenti ya utumbo ni mrija uliosukwa kwa waya, mfano wa wavu au tenga lisilo na kitako. Stenti nyingi husukwa kwa nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani. Nyingine zimetengenezwa kwa mchanganyiko wenye kobalti, madini ambayo watu wa Katanga hawahitaji kufundishwa habari zake. Tabia ya waya huo ni kwamba ukiubana hurudi tena katika umbo lake.

Wale waliofanya kazi migodini watatuelewa upesi. Udongo wa juu ukitaka kuporomoka, wachimbaji husimamisha nguzo ili njia ibaki wazi na watu wapite. Stenti ni nguzo ya namna hiyo ndani ya utumbo. Haiuondoi udongo, huuzuia tu usifunge njia.

Kuitia si kupasua tumbo. Mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza. Daktari hupitisha kwa njia ya haja kubwa mrija laini wenye taa na kamera, mpaka afike penye uvimbe. Hupenyeza waya mwembamba katika kitundu kidogo kilichobaki. Juu ya waya huo huteleza stenti, ikiwa imekunjwa ndani ya ala nyembamba ya unene wa milimeta chache tu. Ala ikivutwa nyuma, stenti hufunguka. Katika siku moja au mbili hutanuka mpaka kufikia upana wa milimeta 20 hadi 25 au zaidi kidogo. Mara nyingi upepo na choo huanza kutoka mapema, na mgonjwa ambaye tumbo lilikuwa kama ngoma huona raha. Madaktari walianza kuandika habari za kazi hii katika utumbo mpana mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kazi zake mbili

Kazi ya kwanza ni kumpa mgonjwa muda. Kumpasua mtu usiku, akiwa amekaukiwa maji, tumbo limejaa na damu imepungua, ni hatari kuliko kumpasua akiwa ametulia. Stenti ikifungua njia, madaktari hupata siku za kumtia nguvu, kumpima vema, na kupanga upasuaji wa kuondoa uvimbe wote. Chama cha madaktari wa kazi hii katika Ulaya, katika maagizo yao ya mwaka 2020, kilitaja muda wa kama wiki 2 kati ya stenti na upasuaji.

Je, jambo hili limejaribiwa? Ndiyo. Matokeo ya jaribio moja la Uingereza yalitangazwa mwaka 2022. Wagonjwa 245 waligawanywa: wengine walipasuliwa upesi, wengine walitiwa stenti kwanza. Stenti ilifungua njia kwa watu kama 8 kati ya 10. Katika waliopasuliwa upesi, kama 7 kati ya kila 10 walilazimika kutolewa utumbo nje ya tumbo na kuvaa mfuko. Katika waliotiwa stenti kwanza, hawakufika nusu. Lakini idadi ya waliokufa katika siku 30 za kwanza haikutofautiana sana. Tena Uholanzi jaribio jingine, lililotangazwa mwaka 2011, lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliotiwa stenti walipata madhara mengi zaidi. Kwa hiyo madaktari wenye hekima hawasemi kwamba stenti inamfaa kila mtu. Hukaa na mgonjwa na jamaa zake, wakapima pamoja.

Kazi ya pili ni kwa yule ambaye kansa imekwisha kuenea katika ini au mapafu, wala upasuaji mkubwa hautamponya. Huyu stenti humpa nafasi ya kula, kutoa choo kwa njia yake ya kawaida, na kukaa na watoto wake nyumbani kwa muda aliobakiwa nao. Hilo si jambo dogo.

Neno kutoka Tenwek

Huenda mtu akasema, "Mambo haya ni ya Wazungu na miji mikubwa." Basi tuwatazame jirani zetu wa Kenya. Karibu na Bomet ipo Tenwek, hospitali ya misheni iliyoanzishwa mwaka 1937. Katika nchi ile kansa ya umio, yaani njia ya chakula kooni, ni nyingi. Wagonjwa walikuwa wakifika wasiweze kumeza hata mate. Daktari Russell White na wenzake walianza kuwatia stenti za umio, na mwaka 2009 waliandika habari za mamia ya wagonjwa wao katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet Oncology. Watu wasioweza kumeza waliweza kula tena.

Umio si utumbo mpana, na stenti zake si zile zile. Lakini Tenwek inatuonyesha kwamba kazi hii yaweza kufanyika katika hospitali ya misheni ya Afrika, kama wapo watu waliofundishwa, chombo chenye kamera, na stenti zenyewe. Mambo hayo matatu hayapatikani kila mahali. Kwa hiyo jamaa za mgonjwa wamwulize daktari waziwazi: "Je, kazi hii inafanyika hapa? Kama haifanyiki hapa, je, mgonjwa aweza kusafiri bila hatari?" Wasiuze nyumba na kumbeba mtu mwenye tumbo lililofungwa mwendo wa siku mbili kwenda nchi nyingine kabla ya kuuliza swali hilo la pili.

Mwisho wa uwezo wake

Stenti haiponyi kansa. Uvimbe ungali pale. Waweza kukua na kupenya katika matundu ya wavu, ukaziba tena. Stenti yaweza kuteleza kutoka mahali pake. Kwa wagonjwa wachache yaweza kuutoboa utumbo, na hapo lazima kupasua mara moja. Haitiwi kabisa kama utumbo umekwisha kutoboka. Haifai pia kama uvimbe uko chini sana, karibu na njia ya haja, kwa sababu huleta maumivu na kusukumwa haja wakati wote. Wala hatutiwi stenti kwa kujikinga, wakati njia ingali wazi.

Mwenye stenti ajue tena kwamba chakula chake hubadilika. Yale makapi na nyuzi aliyoyasifu Daktari Burkitt ni mazuri kwa mtu mzima mwenye njia pana, lakini kwa huyu huweza kunasa katika waya. Atafune sana. Sombe isagwe iwe laini kabisa. Ajiepushe na mahindi ya kuchoma, nyuzi za embe, muwa na mashina ya mboga. Anywe maji ya kutosha, na ameze dawa ya kulainisha choo aliyopewa hospitalini.

Mfuko si aibu

Tulimwacha baba yetu njiani, ndani ya gari, wazee wakimwombea. Alifika, akapimwa. Daktari akasema, "Uvimbe umeziba upande wa kushoto. Hapa hatuna stenti, na kukupeleka mbali sasa ni hatari. Tutafungua mlango kwenye ubavu wa tumbo, choo kitoke katika mfuko. Ukipata nguvu, tutashughulikia uvimbe."

Baba akakataa. Akasema, "Nitakaaje kanisani na mfuko wa choo? Watu watanikimbia." Mke wake akamjibu, "Baba, mimi sitakukimbia. Mfuko nitauosha. Kaburi siwezi kuliosha."

Akatia kidole chake kwenye karatasi, akapasuliwa.

Ndugu, wengi wamekufa wakiukimbia mfuko. Mfuko huokoa maisha leo kama ulivyookoa kabla stenti hazijajulikana. Ngozi huoshwa kwa maji na kukaushwa, mfuko hubadilishwa, nguo hufunika, na mtu hurudi sokoni, shambani na kanisani. Kwa wengine mlango huo hufungwa tena baadaye; kwa wengine hubaki. Aliye na mfuko asiketishwe mbali. Kama kanisa linajua kumkaribisha mgonjwa, na limkaribishe huyu pia, lakini bila kumwuliza maswali mbele ya watu.

Yakumbukeni haya

1. Damu katika choo, choo kilichobadilika zaidi ya wiki chache, kukonda bila sababu, au kuishiwa damu: nenda ukapimwe. Usijitibu bawasiri wala amiba miezi mitano.

2. Tumbo limevimba, choo na upepo havitoki, maumivu yanakuja na kurudi: nenda hospitali siku ileile.

3. Usimpe mgonjwa huyo dawa ya kuendesha, wala bomba la dawa, wala chakula.

4. Stenti hufungua njia na kuleta muda. Haiondoi kansa. Daktari akiitoa kama shauri, uliza faida yake na hatari yake.

5. Kama stenti haipo, usikatae kupasuliwa kwa kuuogopa mfuko.

6. Kama baba, mama, kaka au dada yako alipata kansa hii, mwambie daktari, hata kama huumwi. Kinundu kikionekana mapema huondolewa kabla hakijawa kansa.

7. Kula maharage, mboga za majani na unga usiokobolewa. Acha tumbaku na lutuku. Usile mara nyingi nyama za makopo na soseji, ambazo mwaka 2015 lile shirika la Lyon liliziweka wazi kuwa miongoni mwa vitu viletavyo kansa.

Tena kama umeitwa kumwombea mtu ambaye tumbo lake limefungwa, nenda upesi, umwombee. Lakini ukifika, tazama kwanza kama gari limepatikana.